Karatasi moja yasema tezi imelala, nyingine yasema imechachamaa

Shikamoo Shangazi,

Nina karatasi mbili za majibu ya damu. Zote zina jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa, lakini ukizisoma utadhani ni za watu wawili wasiojuana.

Miezi minne iliyopita nililazwa wiki nzima kwa nimonia. Kifua kilipona, mwili haukurudi. Ngazi za nyumbani nilizokuwa nazipanda huku nimembeba mtoto, sasa nasimama katikati kuvuta pumzi. Siku kumi baada ya kutoka hospitali nikarudi kulalamika. Wakanitoa damu, na kimoja kati ya vipimo kikawa cha tezi ya shingo. Majibu: TSH 6.8, na pembeni yake kiherufi H. T4 huru 1.1, haina alama yoyote. Daktari alisema huenda tezi inafanya kazi kivivu. Hakunipa dawa, akataka nirudi baada ya miezi mitatu.

Dada yangu alipoiona ile H akasema iko juu, basi homoni zimezidi, nipunguze chumvi. Mume wangu aliposikia neno "tezi" alicheka, akaniambia huo ni ugonjwa wa wazee wa kiume. Nikaiweka karatasi kabatini.

Miezi miwili na ushei baada ya kutoka hospitali nywele zikaanza kunyonyoka. Kwenye kitana, kwenye mto, kwenye tundu la bafu. Jirani akaniletea vidonge vya nywele na kucha. Nimemeza kimoja kila asubuhi kwa wiki tano sasa, na naona zimepungua kutoka.

Juzi nikaenda kupima tena, safari hii maabara nyingine. TSH 0.15, ina L. T4 huru 27, ina H. Yule daktari wa kwanza sikumkuta. Niliyemkuta aliitazama karatasi ya pili pekee, akasema tezi imechachamaa, akaniandikia kabimazoli, dawa ya kuipunguza kasi. Kopo liko juu ya friji, sijalifungua.

Kinachonikosesha usingizi ni hiyo T4. Kutoka 1.1 hadi 27! Ni karibu mara ishirini na tano. Nimesoma kwamba tezi ikizidi mtu anakonda, anatoka jasho, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Mimi sijapungua hata kilo. Mikono imetulia. Saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo 66 nikiwa nimekaa. Nachoka tu, kama mwanzo.

Na kuna mama. Alitolewa tezi yote miaka tisa iliyopita na anameza levothairoksini, homoni ya tezi ya vidonge. Hivi karibuni TSH yake ilikuwa 11, dozi ikapandishwa. Baada ya wiki mbili akapimwa, ikawa bado 9, ikapandishwa tena. Sasa analalamika moyo unampiga usiku. Dawa zake anazimeza asubuhi kwa mkupuo mmoja: ya tezi, ya kalsiamu, ya presha. Nimerithi kwake? Na hili kopo, nimeze au nisimeze?

Mwenye Karatasi Mbili

*

Marahaba mwanangu.

Kopo liache hapo hapo juu ya friji kwa leo. Kesho asubuhi mtafute aliyekuandikia, umwambie jambo ambalo yeye hakuliuliza na wewe, naona, hukulitaja: vidonge vya nywele. Sikwambii usimeze kabimazoli kamwe. Nakwambia usiianze kabla daktari hajajua ulikuwa unameza nini ulipotolewa damu ile ya pili. Na kama ungekuwa umeshaianza, ningekwambia usiikatishe peke yako. Ungemuuliza yeye kwanza.

Nitakueleza kwa nini, ila itabidi tuanze na ile H ya dada yako, maana kosa lake nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Kabla sijaitwa Shangazi nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la maabara. Watu walikuwa wakichukua karatasi, wanasogea hatua mbili, wanainua juu kwenye mwanga kama noti wanayoishuku, na jicho linakwenda moja kwa moja kwenye H (juu) au L (chini). Hawasomi jina la kipimo.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye pituitari, kitezi chenye ukubwa wa punje ya njegere kilichoning'inia chini ya ubongo. Kazi ya TSH ni kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo yenyewe inatoa homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo, na pituitari inaendelea kuonja damu kuona kama zinatosha. Zikipungua, inapaza sauti. Zikizidi, inanyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, anayepiga kelele ni msimamizi, na anapiga kelele kwa sababu anamwona kibarua amezembea. H kwenye TSH maana yake ni kwamba tezi inashukiwa kufanya kazi kidogo. L maana yake inashukiwa kuzidisha. Dada yako amesoma kinyume. (Chumvi nayo mwambie aache kuisingizia.)

Msimamizi huyu ana masikio mepesi sana. T4 ikishuka kiasi ambacho mwili bado haujakihisi, TSH inakuwa imekwisha kuruka. Inasemwa kwamba T4 ikipungua kwa nusu, TSH inaweza kupanda mara mia. Ndiyo sababu madaktari huanza na TSH, inanusa mapema. Lakini mwenye masikio mepesi hushtuka hata pasipo na kitu. TSH hupanda usiku na alfajiri, hushuka mchana, kwa hiyo damu ya saa moja asubuhi na damu ya saa tisa alasiri za mtu yule yule hazilingani. Na kile "kiwango cha kawaida" kilichochapwa pembeni, mara nyingi kama 0.4 hadi 4.0, kimepatikana kwa kupima watu wazima wa afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Fanya hesabu: mtu mmoja katika kila ishirini, mzima kabisa, atapata H au L. Ile herufi inaongezwa na mashine. Mashine haijui kama umetoka kulazwa.

Na wewe ulikuwa umetoka kulazwa, tena siku kumi tu. Karatasi ya kwanza kwangu inaelezeka hapo. Mtu akiugua sana, mwili hupunguza matumizi: T3 inashuka, na mara nyingi TSH inashuka nayo, ingawa tezi haina kasoro. Anapoanza kupona, pituitari inaamka na kupiga kelele kupita kiasi kwa muda, kama mlinzi aliyesinzia anayetaka aonekane yuko macho. TSH inapanda juu ya kawaida kwa wiki kadhaa, kisha inatulia yenyewe. 6.8 yenye T4 ya kawaida, siku kumi baada ya nimonia, ni picha hiyo hasa. Ndiyo maana wazoefu hawapendi kupima tezi ya mtu aliye kitandani hospitalini, labda wawe wanaishuku tezi yenyewe. Daktari wako wa kwanza alifanya sawasawa: hakukupa dawa, alikupa muda. Ningemnunulia soda.

Twende karatasi ya pili. Nianze na hofu yako kubwa, kwa sababu ndiyo rahisi kuivunja. Chukua karatasi zote mbili, uziweke mezani sambamba, utazame herufi ndogo zinazofuata namba ya T4. Naweka shilingi mezani kwamba ya kwanza imeandikwa ng/dL na ya pili pmol/L. Ni vizio viwili tofauti, kama vile mtu mmoja akuambie safari kwa kilomita na mwingine kwa maili, ila hapa tofauti ni kubwa zaidi. Kutoka ng/dL kwenda pmol/L unazidisha kwa 12.87. Ile 1.1 yako ni takriban 14. Kwa hiyo T4 imetoka 14 ikaenda 27. Ni karibu mara mbili, si mara ishirini na tano. Maabara nyingi zinazotumia pmol/L huweka ukomo wa juu kwenye 22 au 23, basi 27 imepita kweli, lakini haijapasua paa. TSH haina taabu hiyo: mIU/L na µIU/mL zinatoa namba ile ile, hata kama maandishi yanatofautiana.

Sasa vidonge vya nywele. Geuza chupa usome nyuma. Karibu kila kidonge cha nywele na kucha kina biotini, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge hivi huja na 5,000, vingine 10,000. Haikuumizi, unaikojoa. Lakini wakati inazunguka kwenye damu, inaweza kuidanganya mashine ya maabara, na inaidanganya kwa namna inayofanana na ugonjwa hatua kwa hatua.

Nikuonyeshe inavyokuwa, maana nadhani ukiona utaacha kulala na wasiwasi. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini yenyewe kama ndoano. Kuna protini inaitwa streptavidini, inayoshika biotini kwa nguvu ambayo ni shida kuibandua. Watengenezaji wameipaka streptavidini kwenye vichembe vidogo, na vitu vinavyotakiwa kunaswa wamevifunga ndoano ya biotini. Unapopima TSH, kingamwili mbili zinaibana TSH katikati kama mkate na nyama, moja ina ndoano na nyingine ina taa. Ndoano ikishikwa, taa inabaki, mashine inasoma mwanga. Mwanga mwingi, TSH nyingi. Sasa damu yako ikija imejaa biotini ya vidonge, biotini hiyo inakalia viti vyote vya streptavidini. Ndoano hazina pa kushika, zinaoshwa na maji pamoja na taa zao. Mwanga unafifia. Mashine inaandika TSH ndogo, nayo TSH yako ilikuwemo muda wote, imekwenda na maji.

T4 ni ndogo mno kubanwa pande mbili, kwa hiyo wanatumia njia ya kugombania nafasi: T4 ya kwako inashindana na T4 ya kiwandani yenye taa. Huko hesabu imegeuzwa, mwanga mdogo ndio unaomaanisha T4 nyingi. Biotini inafifisha mwanga vile vile, na mashine inaandika T4 kubwa. Kosa ni lile lile, lakini moja linashuka na jingine linapanda. TSH chini, T4 juu. Hata kipimo cha kingamwili zinazosababisha ugonjwa wa Graves, ule wa tezi kuzidisha kazi, kinaweza kutoka juu kwa njia hiyo hiyo, ukakutana na karatasi iliyokamilika kila kitu ila ukweli.

Si jambo la mitaani hili. Mwaka 2017 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa onyo la biotini kwa vipimo vya damu, na lililowatisha zaidi halikuwa tezi. Lilikuwa kipimo cha troponini, kinachotumika kujua kama moyo umepata shambulio, ambacho biotini inaweza kukifanya kisome chini. Watengenezaji wengine wamebadilisha vitendanishi vyao tangu hapo, na mashine nyingine hazikuwahi kutumia mbinu hiyo. Kwa hiyo sina uwezo wa kuapa kwamba maabara yako ya pili ilidanganyika. Ila ninao ushahidi ambao umeniandikia mwenyewe bila kujua: mapigo 66, kilo zile zile, mikono imetulia. Mtu mwenye TSH 0.15 na T4 iliyozidi mara nyingi anakuwa na angalau kimoja cha kuonyesha. Karatasi ikigombana na mwili, mimi kwanza nauliza karatasi.

Unachotakiwa kumwomba daktari ni hiki: kupima upya TSH na T4 huru baada ya kuacha vile vidonge. Uchache unaotajwa ni siku mbili. Kwa dozi kubwa ningeacha wiki nzima. Kwa mtu asiye na dalili kama wewe, wiki haina hasara. Damu itolewe asubuhi, na kama inawezekana kwenye maabara ile ile ya kwanza, ili vizio na mashine visibadilike tena. Mwambie pia anayekutoa damu habari ya biotini, aandike kwenye fomu. Mtu wa maabara akijua, anaweza kuipima sampuli kwa mashine ya aina nyingine. Asipojua atatuma namba aliyoiona, na hutamlaumu.

Kuna jambo hukuligusa: siku zako za mwezi. Kama kuna uwezekano wowote wa mimba, sema kabla ya yote. Miezi mitatu ya kwanza ya mimba, homoni ya mimba yenyewe huichochea tezi na TSH inashuka, na hiyo ni kawaida. Tena kabimazoli si dawa ya kumezwa ovyo mwanzoni mwa mimba, inaweza kumdhuru mtoto. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni navyo vitaje. Hupandisha T4 ya jumla, kwa sababu vinaongeza protini inayoibeba. T4 huru, yaani ile isiyobebwa na protini, haiyumbi sana kwa hilo, ndiyo maana karatasi zako zote mbili zimeandika "huru".

Tuseme umepima na karatasi ya tatu bado inasema TSH iko chini na T4 juu. Hapo tezi imezidi kweli, lakini hata hapo swali la pili ni kwa nini, na kabimazoli haijibu kila "kwa nini". Kwenye ugonjwa wa Graves, kingamwili za mwili zinaichochea tezi itengeneze homoni bila kukoma; kabimazoli inazuia utengenezaji, basi inasaidia. Lakini kuna uvimbe wa tezi ambao mara nyingine hufuata maambukizi au kujifungua, ambapo tezi haitengenezi zaidi, inavujisha ilichokuwa imehifadhi. Ukimpa huyo kabimazoli ni kama kufunga kiwanda wakati mzigo unamwagika ghalani. Wa namna hiyo hupewa cha kutuliza moyo kama unakimbia, kisha anafuatiliwa kwa miezi, maana baada ya kuvuja tezi inaweza kuishiwa na namba zikageuka upande wa pili. Kutofautisha hayo mawili kuna kipimo cha kingamwili za Graves, na kuna picha za tezi. Uliza kimefanywa kipi.

Ikitokea daktari ameridhika na ukaanza kabimazoli, shika hili moja: ukipata homa au koo likakuuma, acha kumeza na uende ukapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo. Ni mara chache sana dawa hiyo kuzimaliza chembe hizo, lakini ikitokea hakuna cha kungoja kesho.

Kama ya tatu itarudi na TSH 5 au 6 na T4 ya kawaida, basi pengine ile ya kwanza haikuwa nimonia tupu. Hapo wataangalia kingamwili za TPO, yaani zinazolenga kimeng'enya cha tezi. Zikiwepo, zinaonyesha ule ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili inaila tezi polepole, na uwezekano wa tezi kuchoka kabisa baadaye unaongezeka. Kuwa nazo peke yake si kuumwa. Wapo wanaozeeka nazo. Madaktari wengi huanza dawa TSH inapopita 10. Kati ya 4 na 10 wanatazama umri, dalili, kingamwili, na kama mtu anatafuta mimba, na wengi wa walio katikati hapo wakipimwa tena baada ya miezi miwili mitatu wanakutwa wamerudi kawaida bila kumeza kitu. Katika umri mkubwa TSH hupanda kidogo kidogo, na si lazima uwe ugonjwa.

Na ikirudi ya kawaida? Hilo ndilo ninalolitarajia, na wala halitakuondolea uchovu. Usikubali kurudishwa nyumbani na "tezi iko sawa" kana kwamba umejibiwa. Waangalie wingi wa damu na akiba ya chuma, sukari, na walisikilize tena hilo pafu lako, kwa sababu mtu anayepumzika katikati ya ngazi miezi minne baada ya nimonia anastahili kupimwa kifua upya. Hilo lingenishughulisha mimi kuliko TSH.

Nywele hazikungoja biotini. Homa kali husukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye hatua ya kupumzika, na zinaanguka miezi miwili hadi mitatu baadaye, wakati mtu amekwisha sahau homa yenyewe. Tarehe zako zinaingia hapo kama ufunguo na kufuli. Kisha zinaacha kutoka zenyewe na mpya zinaota. Vidonge vilianza kuchukua sifa wakati nywele zilikuwa zimekwisha kuamua kurudi.

Kurithi: ndiyo, magonjwa ya tezi yanayotokana na kinga ya mwili hutembea kwenye familia, na wanawake huyapata zaidi. Lakini hukusema mama alitolewa tezi kwa sababu gani. Muulize. Kama ilikuwa rovu lililombana koo ni habari moja, kama ilikuwa Graves ni nyingine, na daktari wako atataka kuijua. Mumeo mwambie tezi mwilini ni nyingi. Ile anayoichekea ni tezi dume. Ya shingo anayo hata yeye, imekaa chini ya kile kifundo cha koo kinachopanda na kushuka anapomeza mate.

Mama ndiye anayenipa haraka kuliko wewe. Levothairoksini ni T4 ya kidonge, na T4 inakaa mwilini: inachukua takriban siku saba kupungua kwa nusu. Ukibadilisha dozi leo, inachukua wiki tano sita mpaka damu itulie kwenye kiwango kipya, na pituitari inachelewa kidogo nyuma yake. Ndiyo maana hupimwa baada ya wiki sita hadi nane. TSH 9 ya wiki mbili ilikuwa inashuka kutoka 11, bado iko njiani. Ikapandishiwa dozi juu ya dozi ambayo haijamaliza kufika. Na moyo unaopiga usiku kwa mtu mwenye dawa ya presha ni jambo la kumpeleka wiki hii akapimwe T4 huru na mapigo, asingoje miadi. Akipata maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi, ni siku hiyo hiyo. Siku ya kutolewa damu asimeze kidonge cha tezi kwanza, akibebe mfukoni ameze baada ya sindano. T4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza na kuichafua namba.

Kalsiamu nayo inashikana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kidonge cha tezi kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, na kalsiamu isogezwe mbali kwa saa nne. Inawezekana kabisa TSH yake ilipanda hadi 11 kwa sababu ya mkupuo huo, na dozi ya zamani ilikuwa inamtosha. Lakini, mwanangu, usimsogezee kalsiamu kesho kimya kimya. Dozi aliyonayo sasa imepandishwa mara mbili huku sehemu yake pengine ikipotea. Ukiondoa kizuizi, yote itaingia, na moyo unaopiga usiku utapiga na mchana. Nenda naye, beba makopo yote matatu, mwambie daktari anavyovimeza, na umwombe apange saa na dozi kwa wakati mmoja.